Pumzi ya mkekani: Jinsi mchezaji wa jujitsu anavyojijengea ustahimilivu

MBIO za sakafuni, walinena wahenga, huishia ukingoni. Katika mchezo wa jujitsu mbio hizo aghalabu haziufikii hata huo ukingo. Huishia katikati ya mkeka, katika dakika ya tatu, kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi na vidole vikiwa vimekataa kufumba.

Masaibu hayo huwapata hata watu ambao hawakuyatarajia. Katika nchi iliyozoea kuuonyesha ulimwengu jinsi ya kukimbia, si ajabu kumkuta barobaro anayekata kilomita 10 kila alfajiri bila kutaabika, lakini siku yake ya kwanza katika ukumbi wa jujitsu anashindwa kumaliza mpambano wa dakika 5. Aliyemlalia kifuani huenda ni mtu mwenye kitambi, aliyemzidi umri kwa miaka 15, na ambaye hawezi kukimbia kutoka kituo kimoja cha matatu hadi kingine. Ajabu ni kwamba mwenye kitambi anapumua polepole, ilhali mkimbiaji ndiye anayetweta.

Wengi huuacha mchezo huu kabla ya mwezi kuisha kwa sababu ya aibu hiyo. Wengine hukata shauri kwamba hawana mapafu, wakarudi barabarani kuongeza kilomita, kisha wakishangaa kwamba hali haibadiliki. Ukweli ni kwamba pumzi ya barabarani na pumzi ya mkekani ni ndugu, lakini si pacha. Ya kwanza humsaidia mchezaji kuipata ya pili, ila haiwezi kushika nafasi yake.

Jujitsu inayozungumziwa hapa ni ile iliyokomaa nchini Brazil. Mjapani Mitsuyo Maeda, aliyekuwa bingwa wa judo, alifika nchini humo mwaka wa 1914, na mafunzo yake yakachukuliwa na ukoo wa Gracie, hasa Carlos na mdogo wake Helio. Tofauti na ndondi au karate, mchezo huu hauna ngumi wala mateke. Washindani hushikana mavazi na kuangushana, kisha kazi kubwa hufanyika chini. Mmoja humlalia mwenzake, humkalia kifuani au humfunga kwa miguu, akitafuta nafasi ya kumkaba shingo au kumkunja kiungo mpaka mwenzake apigepige mkono kuashiria kwamba amesalimu amri. Ikiwa hapana aliyesalimu amri, pointi ndizo huamua.

Kwa mujibu wa kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IBJJF, mpambano wa watu wazima wenye mkanda mweupe huchukua dakika 5. Wenye mkanda wa samawati hupambana kwa dakika 6, zambarau 7, kahawia 8 na mweusi 10. Dakika hizo zaweza kuonekana chache kwa mtu aketiye jukwaani. Hata hivyo, anayetaka kutwaa medali huenda akalazimika kupambana mara 4 au 5 katika siku moja, pengine kwa mapumziko ya nusu saa tu.

Historia ya mchezo wenyewe imejaa visa vya wanaume walioshindwa na uchovu kabla ya kushindwa na mbinu. Mnamo Mei 1955, jijini Rio de Janeiro, Helio Gracie alipambana na Waldemar Santana, mwanafunzi wake wa zamani, katika pambano la mtindo huria ambapo mateke yaliruhusiwa. Helio alikuwa na umri wa miaka 41 na mwenzake alikuwa kijana mwenye nguvu za simba. Walikabana kwa zaidi ya saa 3 na nusu, hadi mzee alipoishiwa kabisa na teke la kichwa likahitimisha shughuli.

Miaka 45 baadaye, Mei 1, 2000, mwanawe Helio aitwaye Royce alikutana na Mjapani Kazushi Sakuraba katika ukumbi wa Tokyo Dome. Upande wa Royce ndio uliodai kwamba pambano lisiwe na kikomo cha muda, kwa kuwa ukoo huo uliamini kuwa hapana awezaye kuushinda kwa kustahimili. Baada ya raundi 6 za dakika 15 kila moja, yaani saa moja na nusu, ni upande huohuo uliotupa taulo ulingoni. Usiku huohuo Sakuraba alirejea kumkabili Igor Vovchanchyn wa Ukraine, aliyemzidi uzani. Alidumu dakika 15 nyingine, kisha wasaidizi wake wakakataa aendelee.

Kwa nini mkimbiaji hutweta

Ili kuelewa kinachomsibu yule mkimbiaji, yafaa kwanza kutazama jinsi misuli inavyopata nguvu. Ndani ya msuli wenyewe mna akiba ndogo ya nishati iliyo tayari kutumika papo hapo. Akiba hiyo hutosha kwa takriban sekunde 10 za kazi ya nguvu zote, kama vile kumnyanyua mpinzani na kumbwaga. Ikiisha, mwili huanza kuvunjavunja sukari pasipo kusubiri oksijeni. Njia hii hutoa nguvu nyingi kwa dakika moja au mbili hivi, lakini humwacha mtu akihisi moto katika mapaja na vigasha vya mikono. Kwa miaka mingi lawama zote zilielekezwa kwa asidi ya laktiki. Siku hizi wataalamu wanakubaliana kwamba laktati yenyewe ni aina ya fueli ambayo moyo na misuli huitumia, na kwamba moto huo una visababishi vingine vilivyochanganyikana.

Njia ya tatu ni ile ya oksijeni. Ni ya polepole lakini haina haraka ya kuisha, na ndiyo inayombeba mkimbiaji wa marathoni. Katika jujitsu ina kazi nyingine ambayo wengi hawaifahamu: ndiyo inayojaza upya ile akiba ya sekunde 10 kila mpambano unapotulia kidogo. Mchezaji aliye na msingi mzuri wa oksijeni akipata sekunde 20 za utulivu huku amemfunga mpinzani kwa miguu, hurejeshewa sehemu ya nguvu zake. Asiye na msingi huo huingia katika purukushani inayofuata akiwa bado na deni la ile iliyopita.

Sasa, mkimbiaji anao msingi huo. Mbona basi anatweta? Sababu ya kwanza ni kwamba moyo wake umefunzwa kupeleka damu miguuni, ilhali kazi ya mkekani huangukia vidole, vigasha, mgongo, tumbo na kinena. Misuli hiyo haijawahi kuombwa kufanya kazi kwa dakika 5 mfululizo.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Msuli wa mkimbiaji hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, na kila unapolegea damu hupita. Msuli wa anayeshikilia kola ya mpinzani kwa nguvu zake zote hukaza tu. Mishipa midogo iliyomo ndani yake hubanwa, damu hushindwa kupita vyema, na hata moyo uwe imara kiasi gani oksijeni haifiki inakotakiwa. Ndiyo maana mikono huanza kufa ganzi na vigasha kuvimba vikawa vigumu kama kuni hata kabla ya kifua kuchoka.

Juu ya hayo yote kuna uzito wa mwanadamu. Mtu wa kilo 85 akikulalia ubavuni, mbavu hazipanuki zinavyopaswa na kila pumzi hulipiwa. Anayeanza hupigwa na hofu, hubana pumzi, husukuma kwa mikono yote miwili kana kwamba anajiokoa kutoka chini ya ukuta ulioporomoka, na katika sekunde 40 amekwisha kutumia alichokuwa nacho. Yule mwenye kitambi hana mapafu ya ajabu. Amejifunza tu kutofanya kazi isiyohitajika.

Kulegea ni sehemu ya siha

Kwa hivyo, mkufunzi anayejua kazi yake hatamtuma mwanafunzi mpya kukimbia ngazi kabla ya kumfunza kupumua. Mazoezi ya kwanza ni ya kuchosha akili kuliko mwili: kupambana kwa dakika 5 kwa nusu ya nguvu, mdomo ukiwa umefungwa, hewa ikiingia na kutoka puani. Pindi mdomo unapofunguka wenyewe, mchezaji anajua kwamba ameongeza kasi kupita kiasi, na analegeza. Zoezi hili huonekana la kitoto. Mwenye kulifanya kwa wiki 4 au 5 bila kudanganya huona tofauti ambayo hakuna mlima ungemletea.

Jingine ni kujizoesha kutoa hewa wakati wa kusukuma, na kamwe kutoibana. Akiwa amekaliwa kifuani, mchezaji hujifunza kuvuta pumzi fupi fupi kwa tumbo, kwa kutumia kiwambo kilicho chini ya mapafu, badala ya kupigania kupanua mbavu ambazo zimekandamizwa. Rickson Gracie, mwana mwingine wa Helio na anayehesabiwa na wengi kuwa hodari kuliko wote wa ukoo huo, aliyapa mazoezi ya pumzi na yoga uzito mkubwa. Waliotazama filamu iitwayo Choke, iliyotolewa mwaka wa 1999, walimwona akilizungusha tumbo lake kama wimbi. Ilikuwa kazi ya miaka mingi, si kiini macho.

Hali kadhalika mshiko. Limbukeni hushika kola na mkono wa vazi kwa vidole vyote, tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Mzoefu huvifanya vidole vyake kuwa ndoano: huning'iniza, hulegeza, hubadilisha, na hukaza tu wakati kuna jambo la kufanya. Mshiko usioleta manufaa yoyote huachwa.

Msingi wa polepole

Baada ya hayo ndipo mbio zinaporejea. Vipindi 2 kwa wiki, vya dakika 30 hadi 60, vyatosha kwa mtu anayeingia mkekani mara 3. Anaweza kukimbia, kuendesha baiskeli, kuogelea au kupanda vilima kwa miguu. Mwenye uzani mkubwa au magoti yaliyoumia atafanya vyema kuchagua baiskeli au maji, kwa kuwa magoti yana kazi ya kutosha katika jujitsu pasipo kugongwa na lami.

Kosa la kawaida hapa ni kwenda kasi mno. Kipimo rahisi ni mazungumzo: anayefanya zoezi aweze kutamka sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi. Mwenye kutaka hesabu atoe umri wake kutoka 220 ili akadirie kiwango cha juu cha mapigo ya moyo kwa dakika, kisha afanye kazi kati ya asilimia 60 na 70 ya kiwango hicho. Kwa mtu wa miaka 30 hiyo ni takriban mapigo 114 hadi 133. Hesabu hiyo ni ya kukisia tu, na watu hutofautiana sana, lakini humzuia mwenye pupa. Anayedhani kwamba mwendo huo ni wa wazee na aende Iten, kwenye mwinuko wa mita 2,400, atazame jinsi mabingwa wa dunia wanavyojikokota siku zao za mazoezi mepesi.

Mwinuko wenyewe ni jambo la kuzingatiwa na wachezaji wa humu nchini. Anayetoka Mombasa, usawa wa bahari, kwenda kupambana Nairobi iliyo karibu mita 1,700 juu, atajikuta akihema mapema hata akiwa amejiandaa vyema, kwa sababu kila pumzi ina oksijeni pungufu. Akifika siku kadhaa mapema, mwili hupata nafasi ya kuanza kuzoea. Naye wa Nairobi akishuka Pwani hupata hewa nzito lakini joto humkamua maji, na vazi la pamba nzito hugeuka kuwa blanketi lililoloa. Huyo ahitaji maji mapema, si wakati kiu imekwisha kumshika.

Kazi ya kasi

Msingi ukishakaa kwa wiki 6 hadi 8, huja mazoezi makali ya vipindi vifupi. Katika ukumbi mwingi utasikia likitajwa jina la Tabata, na mara nyingi hutajwa kimakosa. Profesa Izumi Tabata na wenzake nchini Japani walichapisha utafiti wao mwaka wa 1996. Kundi moja la vijana liliendesha baiskeli isiyosonga kwa dakika 60 za mwendo wa wastani, siku 5 kwa wiki. Kundi la pili lilifanya vipindi 7 au 8 vya sekunde 20 kwa nguvu za kupindukia, likipumzika sekunde 10 kati ya kipindi na kipindi. Baada ya wiki 6 makundi yote mawili yalikuwa yameboresha uwezo wa kutumia oksijeni, lakini ni la pili tu lililoongeza uwezo wa kufanya kazi bila oksijeni, kwa asilimia 28.

Kinachosahauliwa ni kwamba vijana wale walikuwa wakikaribia kuanguka kwa uchovu kufikia kipindi cha mwisho. Mtu anayeruka kamba kwa sekunde 20 akitabasamu, kisha akapumzika 10, hafanyi alichofanya Tabata. Tena vijana hao walifanya kazi juu ya baiskeli. Anayeanza jujitsu akijaribu ukali huo kwa kumnyanyua mwenzake au kubeba vyuma, mbinu zake huharibika kwa uchovu na mgongo ndio hulipa gharama.

Kilicho bora kwa mchezaji ni kuufanya mkeka wenyewe uwe mlima wake. Njia mojawapo ni kuanzia mahali pabaya: mmoja amekaliwa kifuani, anayo dakika 2 za kujinasua, akijinasua wanarudia, akishindwa wanarudia. Nyingine, ambayo hutumiwa zaidi mashindano yakikaribia, ni kumweka mchezaji mmoja katikati na kumletea mpinzani mpya kila dakika hadi zitimie 5 au 6, urefu wa mpambano wake halisi. Wapinzani wanaingia wakiwa na nguvu mpya. Yeye anabaki na zilezile. Zoezi hili lisizidi mara moja kwa wiki, na lisifanywe na mtu ambaye bado hajui kupigapiga mkono kwa wakati. Viungo vingi huumia si kwa ukatili wa mpinzani bali kwa sababu aliyechoka amekawia kukubali.

Mchezaji anayetaka kujua kama anasonga mbele hana haja ya mashine. Mpambano wa dakika 5 ukiisha, ahesabu mapigo ya moyo shingoni kwa sekunde 15, apumzike dakika moja, ahesabu tena, aandike. Kadiri wiki zinavyopita, tofauti kati ya nambari hizo mbili yapaswa kukua.

Mitungi, magunia na taulo

Nguvu za mwili huupunguzia moyo kazi. Kama kumsukuma mpinzani kunamgharimu mtu nguvu zake zote, atachoka upesi. Kama kunamgharimu nusu, atadumu. Kwa hivyo siku moja au 2 za mazoezi ya nguvu kwa wiki zina nafasi yake, na si lazima zimpeleke mtu katika jumba la mazoezi lenye ada ya kutisha.

Mitungi 2 ya maji ya lita 20, ikijazwa, ni kilo 20 na ushei kila mkono. Kutembea nayo mita 40, kuiweka chini, kupumzika dakika moja na kurudia mara 6 huimarisha mshiko, mabega na kiuno kwa pamoja. Wanawake wa vijijini wamelijua hilo pasipo kuambiwa na yeyote. Gunia lenye mchanga wa kilo 30, lililofungwa barabara, hukumbatiwa, hunyanyuliwa hadi begani na kuteremshwa. Halina mahali pazuri pa kushika, kama vile mpinzani asivyo na mahali pazuri pa kushika. Taulo au vazi kuukuu la jujitsu likitundikwa juu ya mti imara, mchezaji hulishika na kujivuta juu, na akishindwa huning'inia tu kwa sekunde 20 au 30. Kuchuchumaa na kusimama, pamoja na kujisukuma kutoka sakafuni kwa mikono, hukamilisha kazi.

Shingo nayo ifunzwe taratibu. Mtindo wa kulaza uzito wote juu ya utosi ulioigwa kutoka kwa wanamieleka haumfai anayeanza. Aisukume shingo dhidi ya kiganja chake mwenyewe, mbele, nyuma na pembeni.

Hayo yote yajumlishwe kwa busara. Mtu wa kazi za ofisini au za jua kali, anayelala saa 6 na kusimama ndani ya matatu jioni, hawezi kufuata ratiba ya bingwa wa Rio. Vipindi 3 vya mkekani, 2 vya mwendo wa polepole na 1 cha nguvu ni mzigo kamili. Ikiwa mapigo ya moyo anapoamka asubuhi yamezidi ya kawaida yake kwa 8 au 10, usingizi umempotea na mshiko umelegea, mwili unamwambia kwamba haujapona, na siku hiyo inafaa kutembea tu. Waislamu wanaofanya mazoezi wakati wa Ramadhani aghalabu huona afueni wakiweka kipindi chepesi karibu na magharibi, ili futari ifuate mara moja, na kazi ngumu wakiiahirisha hadi baada ya kula na kunywa.

Chakula hakihitaji vikopo vya unga wa kigeni. Ugali, viazi vitamu, ndizi, githeri, mayai na samaki hutosheleza, mradi mlo mkubwa uliwe saa 2 au 3 kabla ya kuingia mkekani. Kula muda mfupi kabla ya kukaliwa tumboni ni kosa ambalo mtu halirudii mara ya pili.

Uzani na hatari zake

Mchezaji mwenye kilo 79 anayetamani kushindana na wa kilo 76 hushawishika kujikausha kwa jasho. Katika jujitsu tamaa hiyo haina hata faida, kwa sababu mashindano ya IBJJF humpima mtu akiwa amevaa vazi lake, muda mfupi kabla ya mpambano wa kwanza. Hapana usiku wa kurejesha maji. Anayeingia akiwa amekauka ana damu nzito, moyo unaokwenda mbio na joto lisiloweza kutoka mwilini.

Si jambo la kubahatisha. Kati ya Novemba na Desemba 1997, vijana 3 wanamieleka wa vyuo vya Marekani walifariki, kila mmoja katika chuo chake, wakiwa katika harakati za kupunguza uzani kwa kufanya mazoezi kwenye joto na kujinyima maji. Baada ya vifo hivyo wasimamizi wa michezo ya vyuo nchini humo walipiga marufuku mavazi ya mpira na vyumba vya mvuke kwa shughuli hiyo. Mavazi ya mpira bado yanauzwa, na bado kuna wakufunzi wanaoyapendekeza. Ushauri wao upuuzwe.

Kuna jambo jingine la kuogofya ambalo huwapata hasa wanaorejea baada ya kupumzika miezi mingi, wakataka kufidia kwa siku moja. Misuli iliyofanyishwa kazi kupita kiasi huweza kuvunjika na kumwaga protini yake katika damu, ikaziba mafigo. Dalili zake ni maumivu makali yasiyo ya kawaida, udhaifu, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Mtu huyo apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa anayehisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzirai akiwa mazoezini. Mwenye umri wa miaka zaidi ya 40, mwenye shinikizo la damu au mwenye jamaa aliyefariki ghafla kwa maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya kuanza, si baada.

Wiki ya mwisho

Siku 7 kabla ya mashindano hapana pumzi mpya inayoweza kununuliwa. Kilichobaki ni kutoipoteza iliyopo. Mapambano ya mazoezi hupunguzwa hadi nusu au chini ya hapo, kasi ikibaki ileile. Kazi ya mitungi na magunia husitishwa siku 4 au 5 kabla, ili vigasha vipone kabisa.

Siku yenyewe, kosa linalowaangusha wengi ni kuketi wakitetemeka hadi jina lao litakapoitwa, kisha kuruka mkekani wakiwa baridi. Mpambano wa kwanza hugeuka kuwa mazoezi ya kupasha mwili, na ndiyo maana vigasha hujaa mara moja. Mwenye uzoefu huanza kujipasha dakika 20 hivi kabla. Hukimbia papo hapo, hujiviringisha, hushikana na mwenzake mavazi na kusukumana kwa nguvu kwa dakika moja au mbili mpaka jasho litoke na pumzi ipande, kisha huvaa sweta na kuiacha pumzi itulie. Akiitwa, moyo wake umekwisha kuamka, na vidole vyake vimekwisha kukaza na kulegea mara kadhaa kabla ya kuigusa kola ya mpinzani.